Fundi wa Mashine za Vumbi

Kabla hajashika bisibisi, Fundi aliinusa mashine kwanza. Aliiinua hadi puani, akafumba macho, akavuta hewa kidogo, kisha akaiweka mezani na kuanza kutaja habari za nyumba ilikotoka. "Hapa kuna paka." "Hapa kuna mtoto anayekula biskuti kitandani." "Hawa wanachoma ubani." Mwenye mashine akibaki mdomo wazi, yeye tayari alikuwa anatafuta skrubu ya kwanza. Sikuwahi kumshika amekosea, ingawa nakiri kwamba nyumba nyingi za Nairobi zina paka, au biskuti, au vyote viwili.

"Fundi" ndilo jina tulilomwita. Vijana wa mtaa wake wa Jericho walimwita Shosh Fundi, yaani Bibi Fundi, na kanisani, alikokuwa mzee wa kanisa, waliongeza "Mama" mbele. Jina alilobatizwa nalijua ila silitaji. Hata yeye alilitumia kwenye kadi ya hospitali tu. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye mabega mapana, Mkamba wa kauli fupi, aliyetumia miaka yake ya nguvu katika karakana moja ya eneo la viwanda la Baba Dogo akisuka upya nyaya za shaba ndani ya mota za viwandani zilizoungua. Alipostaafu alirudi nyumbani na mikono yake tu. Akalaza mlango wa zamani juu ya matofali barazani kwake, na mlango huo ukawa meza ya kazi.

Alianza na pasi na blenda. Baadaye zikaja vakyum za betri, zile nyembamba kama fimbo, zisizo na waya, unazoshika kwa mkono mmoja na kufyonza vumbi huku ukitembea. Kwetu Eastlands hakuna anayezihitaji sana. Sakafu zetu ni za saruji, ufagio na tambara vinatosha. Lakini wengi wetu tunafanya kazi katika nyumba za wenye mazulia, na mashine ya tajiri ikikufia mkononi huwezi kumrudishia hivyo hivyo. Unaitia kwenye mfuko wa sokoni, unavuka mji nayo kimyakimya, unamtafuta Fundi.

Mimi nilimtafuta hivyo.

Nafanya usafi katika nyumba za kupangisha wageni, zile za kulala siku mbili tatu, ng'ambo ya mji. Madam wangu alikuwa nazo kumi na moja wakati huo, na sisi wasafishaji tulikuwa wawili. Ilikuwa Julai, baridi ile inayoingia kwenye magoti. Niliosha chujio la sponji la vakyum kama nilivyoagizwa, nikalikamua, na kwa kuwa wageni walikuwa wanaingia saa nane, nikalirudisha kabla halijakauka. Mashine ilifanya kazi chumba kimoja. Cha pili ikaanza kukohoa, ikatoa harufu ya nywele zinazoungua, ikanyamaza. Ilikuwa Ijumaa. Madam aliiangalia, kisha akaniangalia mimi.

"Jumatatu nije niikute inafanya kazi," alisema. "Isipofanya, Jumanne usijisumbue kuja."

Nilikuwa na watoto wawili shuleni, na mume aliyedamka kila siku kutafuta kibarua viwandani na mara nyingi akarudi kabla chai haijapoa. Sikuwa na Jumanne nyingine mahali popote.

"Hodi, Fundi," nilisema Jumamosi asubuhi.

"Karibu. Weka hapo. Usiniambie kitu kwanza."

Akainusa.

"Uliosha chujio."

"Ndiyo, Fundi."

"Ukalirudisha na maji yake."

"Nilikuwa na haraka. Wageni walikuwa karibu kufika."

"Walifika?"

"Walifika."

"Wakavua viatu, wakauliza kama chujio limekauka?"

Nilidhani ananicheka, na machozi yalikuwa karibu. Akanisogezea stuli kwa mguu bila kuinua macho. "Keti, mama. Mota haijaungua. Imejaa matope tu. Ungeilazimisha dakika tano zaidi, hapo ndipo ingeungua."

Siku hiyo niliiona mashine ile ikivuliwa kwa mara ya kwanza. Alitoa kikombe cha vumbi. Akatoa betri, akaiweka mbali dirishani. Kila skrubu iliyotoka aliiweka kwenye sinia lililotandikwa kitambaa cheupe, kwa kuzunguka, ili ya kwanza kutoka iwe ya mwisho kurudi. Mahali ambapo mimi sikuona skrubu yoyote, yeye alipitisha ukucha chini ya kibandiko, akakuta mbili zimejificha. "Waliotengeneza hawakutaka tuingie," alisema, na akaingia. Feni ya ndani haikuzidi kifuniko cha chupa ya jemu, na vumbi lililolowa lilikuwa limeigandia kama saruji. Aliikwangua kwa mswaki wa zamani na spiriti, bawa moja baada ya jingine, hadi adhuhuri ikapita. Sikuwa nimewahi kuona mtu akikisafisha kitu ambacho hakuna atakayekiangalia.

Jumapili hakugusa mashine. Hiyo ilikuwa sheria yake. Lakini jirani yake alinisimulia kwamba alitoka ibada, akavuta kiti, akakaa mbele ya ile vakyum iliyo wazi mchana kutwa, mikono mapajani, akiitazama tu.

Jumatatu kulipopambazuka nilikwenda kuichukua. Yote ilikuwa imefungwa. Chujio peke yake lilikuwa bado linaning'inia kwenye kamba.

"Halijakauka," alisema.

"Fundi, madam anakuja leo."

"Najua."

"Nikienda bila chujio nimekwisha."

"Na ukienda nalo hivi, umekwisha wewe na mashine." Akalibonyeza tena kati ya vidole. Kisha akanitazama vizuri kwa mara ya kwanza tangu tuonane. "Vua sweta."

Alilizungushia kitambaa cha pamba, akanifunga nalo kifuani, kama mama anavyofungwa mtoto njiti, akanirudishia sweta juu. "Usilitoe mpaka usahau kwamba liko," aliniambia. Nilipiga deki nyumba nne siku hiyo nikiwa na sponji kifuani. Ilipofika saa tisa lilikuwa jepesi na la moto, nikalirudisha kwenye mashine. Saa kumi madam akaingia, akabonyeza swichi, mashine ikaitika. Jumanne nikaenda kazini.

Tangu hapo mashine zote za madam nilizipeleka Jericho, na ile stuli ikawa yangu. Sijui kama naweza kusema tulikuwa marafiki. Nilifika Jumamosi alasiri, nikiwa nimesimama tangu alfajiri, nikamkabidhi mashine, nikaegemea ukuta. Mara nyingi usingizi ulinichukua hapo hapo huku yeye akifanya kazi. Niliamka nikakuta leso mabegani. Hakuitaja leso hiyo, nami nilikuwa naikunja na kuiacha juu ya stuli.

Usidhani alikuwa mpole. Watu aliwakaripia, mashine ndizo alizozibembeleza. Vijana waliopita kwenda uwanjani walimwita, "Niaje, Shosh Fundi!" naye akawajibu kwa Kiswahili chake kilichonyooka, "Sijambo. Na wewe umenawa uso leo?" Walicheka hadi kona. Nafikiri wengine walizunguka njia makusudi ili watukanwe naye. Jumamosi asubuhi alikwenda soko la Burma kununua mifupa ya supu, na kila wiki aligombana na muuza nyama yule yule kuhusu kisu chake butu. Siku moja akamnyang'anya kile kisu, akaja nacho nyumbani ndani ya gazeti, akakinoa hadi kikaweza kupasua unywele, akakirudisha. Wiki iliyofuata wakagombana kwamba sasa kinakata haraka mno na mifupa inatoka midogo.

Kazi aliyoichukia ni ya brashi, ile inayozunguka chini ya vakyum na kujifunga nywele. Alizikata nywele hizo kwa wembe, kwa urefu wa brashi, kisha akazivuta kwa koleo. Nywele za wageni wa dunia nzima zilipita mikononi mwake, za rangi ya mahindi, za mvi, za bandia, za zambarau. Alizikunja zote kwenye gazeti na kuzifukia nyuma ya bafu la uani.

"Fundi," nilimtania, "mzee wa kanisa unaogopa uchawi?"

"Siogopi. Lakini kilichotoka kichwani mwa mtu hakitupwi pamoja na maganda ya viazi."

Na nyumba yake mwenyewe ilikuwa na vumbi. Niliona haya siku ya kwanza kuingia ndani. Juu ya kabati ungeweza kuandika jina lako kwa kidole. Nikajitolea kumsafishia kwa mashine iliyokuwa imepona mezani, dakika kumi tu, chumba chote kingemeta. "Toa hiyo kelele hapa," alisema, akachukua ufagio wa nyasi, akafagia palipokuwa pamefagiwa tayari, akaketi.

Betri hakuzifungua kamwe. Alizipima kwa mita, na iliyokufa aliibadilisha nzima kwa nyingine aliyoitoa kwenye mashine isiyofaa. Kiwandani alimwona mwenzake akiungua mkono hadi kwenye kiwiko, na hadithi hiyo aliisimulia kwa sentensi moja tu, hiyo hiyo niliyoiandika. Ukimsukuma aendelee, alikuuliza kama umekuja kutengenezewa mashine au kusikia habari.

Vumbi la mtu, alisema, ni siri yake. Kunusa na kutaja paka kulikuwa mchezo wa kuwachangamsha wateja, lakini alichokikuta ndani ya kikombe hakukizungumza. Mara moja tu nilimwona akiivunja sheria hiyo. Mwalimu mmoja wa kike kutoka Buruburu alikuwa ameleta vakyum iliyokabwa. Fundi aliifungua shingo, pale bomba linapopinda, akatoa kidonge cheupe. Akatoa cha pili. Vilikuwa saba, vizima, vimeviringika na vumbi. Aliviweka kwenye kifuniko cha birika, akamaliza kazi yake, akavitazama, akavifunika, akavifunua tena. Aliporudi mwenye mashine, Fundi aliuliza, "Nani kwenu anakunywa dawa za presha?"

"Mama yangu," mwalimu alisema. "Kwa nini?"

"Hazinywi. Anaziangusha nyuma ya kitanda."

Mwalimu aligeuka rangi. Nilingoja amshukuru. Badala yake alisema, "Na wewe nani alikutuma kupekua nyumba yangu?" Akachukua mashine, akaenda zake, hatukumwona tena. Miezi kadhaa baadaye nilimwona sokoni na bikizee mwenye fimbo akichagua nyanya kwa makelele, nikajua yule mama yuko hai. Nilimletea Fundi habari mbio. Alikuwa akifunga skrubu. "Ningenyamaza ningekuwa na mteja," alisema tu. Lakini jioni hiyo aliimba nyimbo za kwaya akiwa peke yake hadi nikaondoka.

Mtu aliyewafuatilia wengine dawa zao hivyo, yeye mwenyewe alikuwa na kadi ya kliniki ya macho iliyopitwa na tarehe mara tatu. Ukimuuliza, jibu lilikuwa neno moja. "Foleni."

Hapo ndipo ningetaka kuruka nisisimulie, lakini ndipo penyewe.

Ilianza kidogo. Aliniomba nimsomee namba kwenye kibandiko, akasema miwani imechafuka. Kisha nikamwona akitafuta skrubu kwenye sinia kwa kupapasa, huku iko mbele yake. Sikusema kitu. Nilikuwa nimekaa kwenye stuli ile mwaka wa sita, na usingizi wangu ulikuwa mzito kuliko macho yangu.

Siku moja nikawasha mashine iliyotoka kwake, katika nyumba ambamo mgeni alikuwa bado anafunga masanduku yake. Ikagonga. Ka-ka-ka, kama jiwe ndani ya debe. Mgeni akageuka. Nikaizima, nikamwambia nitaendelea baadaye, nikaingia nayo bafuni na kufunga mlango. Nilitandika taulo kuukuu sakafuni, nikapiga magoti. Nilikuwa na bisibisi ndogo niliyoinunua soko la Gikomba kwa ajili ya miwani ya mtoto. Sikuwa nimewahi kufungua mashine maishani mwangu. Lakini mikono yangu ilikuwa imeangalia kwa miaka sita hata nilipokuwa nimesinzia. Nikapitisha ukucha chini ya kibandiko, skrubu zikawa pale. Ndani, kando ya feni, kulikuwa na skrubu moja imelala, na tundu lake liko tupu upande wa pili.

Fundi aliisahau ndani.

Nikairudisha skrubu mahali pake, nikafunga, nikawasha, ikanguruma sawasawa. Sikumwambia madam. Sikumwambia Fundi.

Mashine iliyofuata nilidhani itakuwa salama, lakini niliifungua ili nijiridhishe. Chujio lilikuwa limewekwa juu chini. Ya tatu ilikuwa na waya uliobanwa na kifuniko, umeanza kuchubuka. Baada ya hapo sikungoja tena zigonge. Kila mashine niliyoichukua Jericho, nikiwa nimemshukuru Fundi na kuisifu kazi yake, niliipeleka moja kwa moja bafuni, saa ya chakula cha mchana, nikaifungua upya, nikatafuta kosa, nikalisahihisha, nikaifunga. Zaidi ya mwaka sikula mchana siku hizo. Wakati mwingine kosa halikuwepo, na hilo liliniudhi zaidi, kwa sababu nilikuwa nimepiga magoti bure.

Utaniuliza kwa nini sikumtafuta fundi mwingine. Walikuwepo. Mwenzangu wa kazini alinielekeza kwa kijana mmoja mwenye duka lenye mlango wa kioo mjini, anayemaliza mashine kwa saa moja. Ningepeleka huko na mambo yakaisha. Lakini ningepitaje Jericho mikono mitupu? Nilijua hakuna mwingine aliyebaki akimletea kazi. Mezani kwake, siku hizo, ilikuwa mashine yangu au hakuna kitu. Hivyo ndivyo nilivyojiambia, na ni kweli. Kweli nyingine ni kwamba nilimkasirikia. Kuna mchana nilikuwa bafuni, goti la kushoto limevimba, skrubu moja imegoma kuingia, nikamtukana kwa sauti. Nikamwita bibi kipofu. Hakuna aliyenisikia, na bado nilifungua mfereji ili maji yafunike maneno yale.

Nilijaribu kumwambia mara moja.

"Fundi, macho yako yakoje?"

"Yanaona."

"Ile kliniki, twende pamoja. Nitakusindikiza."

"Foleni inaanza saa kumi na moja alfajiri. Inaisha jioni." Akaacha kufunga skrubu. "Una siku, Mama Brian?"

Sikuwa nayo. Nilipekua wiki yangu yote kichwani pale pale, nikaona Jumatatu hadi Jumamosi nyumba za watu, Jumapili kufua za wangu. Siku moja tu ya kuomba ruhusa, na nilijua madam angejibu nini. Nikasema, "Nitatafuta."

"Ukiipata uniambie," alisema, bila ubaya wowote.

Sikuitafuta sana.

Mwaka huu, mvua za masika zilipokuwa zinaishia, nilimpelekea mashine Jumapili baada ya ibada, kwa kuwa Jumamosi ilikuwa imenishinda. Nilimkuta barazani kwenye jua, amevaa bado nguo za kanisani. Mlango uliokuwa meza ulikuwa umesimamishwa ukutani, matofali yamepangwa pembeni. Mpwa wake alikuwa amekuja kutoka Machakos mwezi uliopita na kumpeleka kliniki kwa nguvu. Daktari alimwambia jicho moja limechelewa. La pili watajaribu. Aliniambia hayo kama anayetoa habari za jirani.

"Pole, Fundi. Basi nitairudisha hii," nilisema. "Sikujua."

"Nipe niishike."

Niliiweka mapajani mwake. Hakuifungua. Alipitisha ncha za vidole juu ya vichwa vya skrubu, moja baada ya nyingine, polepole, akarudi kwa ile ya tatu.

"Hii umeikaza sana," alisema.

Sikuelewa haraka. "Mimi?"

"Ni nani mwingine? Mimi sikazi hivi. Plastiki inapasuka. Tangu mwaka jana kila mashine unayoniletea tena imeshafunguliwa na mtu mwenye hasira."

Gari la maji lilipita barabarani. Nilitamani lisimame hapo, lipige honi, liniokoe. Lilipita.

"Ulikuwa unakuta nini?" aliuliza.

"Vitu vidogo tu, Fundi."

"Vitaje."

Nikavitaja. Skrubu iliyolala kwenye feni. Chujio juu chini, mara mbili. Waya uliobanwa. Kibanio kilichovunjika na kurudishwa hivyo hivyo. Betri isiyoshika vizuri. Alisikiliza akitikisa kichwa kidogo kwa kila kimoja, na nilipofika mwisho alisema, "Na ile ya kijivu, swichi yake?"

"Hiyo sikuiona."

"Basi ilikuponyoka. Nilijua nimeikosea mara tu ulipoondoka nayo. Sikulala."

Nilihesabu kwa macho yale matofali yaliyopangwa pembeni. Hayakuwa mengi.

"Mbona hukuniambia?" aliuliza.

"Na wewe, Fundi, mbona hukuniambia kwamba unajua?"

Aliigeuza mashine mapajani, akaielekeza kwangu, kishikio kwanza, kama mtu anavyokabidhi kisu.

"Nilitaka kuamka na kukuta kitu mezani," alisema. "Nilijua unakifungua. Nikasema, basi, kitafika kwa mwenyewe kikiwa kizima. Nikakuachia mzigo. Usiniletee tena."

"Sawa, Fundi."

Nilijibu haraka mno. Nilisikia mwenyewe jinsi nilivyojibu. Nilikuwa nimengoja neno lile kwa zaidi ya mwaka, na lilipokuja mabega yangu yalishuka yenyewe kabla sijapata nafasi ya kuhuzunika. Nikaona haya, nikainama nikaisukuma mashine ndani ya mfuko, nikahangaika na zipu ambayo haikuwa na shida yoyote. Nilitaka kumwambia kwamba kazi yangu, watoto wangu, miaka ile yote, vilisimama juu ya meza yake. Nilitaka kumwambia nilimtukana bafuni. Nilitaka anisamehe bila mimi kusema.

"Umechoka," alisema.

"Nimechoka, Fundi."

"Basi usiende sasa hivi. Lile jua bado liko."

Nikakaa. Hatukuwa tumewahi kuketi bila mashine katikati yetu, na hakuna aliyejua mikono iwekwe wapi. Watu wa kanisa la jirani walikuwa wanatoka, wanawake wakisalimiana kwa sauti, mtu akimwita mtu arudi kuchukua mwavuli. Alifumba macho yote mawili, lile lililochelewa na lile la kujaribiwa, akauelekeza uso juani. Nilidhani amesinzia. Kisha akaniuliza leo nitapika nini.

Nikamwambia sijafikiria bado.

"Hata mimi," alisema.

Jua likashuka kidogo ukutani. Hakuna aliyeinuka.